Kalinzi ya Vyura

2 Septemba, Jumatatu

Msimu umefunguliwa. Nimempelekea Papa Zagabe kasiksi yake, bidoni nzima ya pombe ya ndizi. Ameionja mbele yangu kwa dharau, kama kila mwaka, akasema ya mwaka jana ilikuwa tamu zaidi. Mwaka jana alisema ni ya mwaka juzi. Ndivyo bwasa inavyolipwa kwetu Bushi: unamletea mwenye kilima kinywaji, naye anakuachia kipande cha ardhi kwa msimu mmoja tu, halafu mnaanza upya. Wengine huchukua bwasa ya maharage. Mimi huchukua bwasa ya kinamasi, na watu wa kilima kile cha Kabare wamenicheka kwa hilo tangu nilipokuwa msichana mwembamba mwenye diploma mpya. Wananiita Maman Chura. Nilishaacha kununa zamani.

Safari hii Papa Zagabe hakucheka. Aliweka kikombe chini, akamtazama mwanawe Aloys, aliyerudi juzi kutoka kwenye machimbo ya dhahabu ya Shabunda akiwa na mabuti mapya na haraka nyingi.

"Maman Olive, ule chura yako, ni mvua ngapi haujamusikia?"

"Tatu, Papa. Misimu mitatu mizima."

"Mvua tatu. Bon. Aloys anataka kufanya matofari mu ile marais, ile kinamasi yako. Udongo ya kule iko muzuri, na batu banajenga kila siku mu Bukavu. Nakupatia hii mvua ya mwisho. Kama chura inaimba mbele ya Noeli, tutazungumuza tena. Kama haiimbi, njo basi."

Aloys hakunitazama. Alikuwa anakipima kinamasi kwa macho. Nimemchukia papo hapo, na naandika hapa nisije nikajifanya mwema baadaye.

3 Septemba

Umeme hakuna. Nimechaji betri za mashine kwa jirani mwenye jenereta, nikalipa kwa kusikiliza habari za wakwe zake wote.

7 Septemba, Jumamosi

Mvua ya kwanza ya kweli! Ilianzia upande wa Idjwi, ikameza ziwa, ikapanda mtaani kwetu Nyalukemba na kupiga mabati mpaka mume wangu Constantin akaacha kuongea, jambo ambalo mimi sijaliweza katika miaka yote ya ndoa.

Ilipokata tulipanda Kabare na Merveille kufunga masikio. Masikio ndilo jina letu la mashine ndogo za kunasa sauti: tunazifunga kwenye vigingi kuzunguka dimbwi, nazo zinasikiliza usiku na mchana bila kudai chai. Merveille ni mwanafunzi wangu, anaandika tasnifu juu ya vyura. Ametoka Luvungi, kwenye joto la bonde, kwa hiyo huku juu anavaa sweta mbili na kunung'unika. Tena anaogopa kugusa chura. "Nitabasikiliza tu, Madame," aliniambia siku ya kwanza. "Kugusa, hapana." Nilimkubali kwa sababu ana masikio ya mwanakwaya. Anawatofautisha vyura kwa sauti kama wengine wanavyotofautisha hodi za majirani.

Tunayemtafuta ni mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, wa kijani, na jina lake la Kilatini ni refu kuliko mwili wake. Analia kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko, taratibu, akingoja aletewe sukari.

15 Septemba

Kimya.

22 Septemba, Jumapili

Misa ndefu. Constantin aliongoza kwaya kwa mikono miwili na kichwa. Alifundisha hesabu maisha yake yote, sasa amestaafu, na hasira zote alizowawekea wanafunzi amezihamishia kwa sauti ya nne.

Mchana tulikula sambaza, vidagaa vya ziwani, barazani, naye akaniuliza kwa nini huyu mmoja, wakati vyura wengine wamejaa mpaka kwenye mtaro wetu. Nikamwambia tena, maana ananiuliza kila mwaka ili nipate kusema. Nilipokuwa mwanafunzi nilimsikia mara ya kwanza kwenye kinamasi kilichokuwa karibu kabisa na mji, pale ambapo leo pana kituo cha mafuta. Mji ukaongezeka, joto likaongezeka, pale akanyamaza; nikamkuta juu zaidi. Miaka ikapita, na kule nako akanyamaza, nikapanda tena. Si kwamba chura alifunga mizigo akahama. Wa chini walikufa, wa juu wakabaki. Nimeandika makala, nimesafiri mikutanoni, vyeti vyangu Constantin amevitundika sebuleni mpaka picha ya Bikira Maria imebanwa pembeni. Lakini kazi yangu ya maisha, kwa ukweli, ni kupanda mlima nyuma ya chura. Na kinamasi cha Papa Zagabe ndicho cha mwisho. Juu yake hakuna maji tena, ni mikalitusi na mawe.

"Na wewe umefika kileleni?" akauliza Constantin.

"Magoti yangu ndiyo yamefika."

1 Oktoba

Kimya. Barabara ya Kabare imekuwa uji.

5 Oktoba, Jumamosi

Nimesoma vipimajoto. Maji ya dimbwi yana joto kuliko mwaka jana, na mwaka jana yalikuwa na joto kuliko mwaka uliotangulia. Tangu miti ya kandokando ilipokatwa kwa ajili ya makaa, jua linapiga moja kwa moja juu ya maji. Nimejiona mjinga kabisa. Miaka yote hii napima homa ya mgonjwa, sijawahi kumletea hata kivuli! Rafiki yangu ana kitalu cha miti ya kienyeji. Nimempigia simu hapo hapo.

12 Oktoba, Jumamosi

Siku nzuri mno. Tumepanda mivumu kuzunguka dimbwi lote, mimi, Merveille na kundi la wanafunzi wa mwaka wa kwanza waliodhani ni pikiniki. Muvumu unakua haraka, majani yake ni mapana, kivuli chake ni baridi. Papa Zagabe na mkewe walikuwa kilioni Walungu, hakuna aliyetusumbua. Tulirudi mjini tukiwa matope matupu, tukiimba, na Merveille alishika sauti ya kwanza mpaka dereva akazima redio. Nimelala nikicheka peke yangu.

13 Oktoba

Mgongo.

19 Oktoba, Jumamosi

Tulifika Kabare tukiwa na furaha ileile. Masikio yetu yalikuwa yamepangwa kando ya njia, mashine zote, kwa adabu, kila moja imefutwa matope. Mivumu ilikuwa imeng'olewa yote. Papa Zagabe alisimama katikati ya vishimo vilivyo wazi, fimbo mkononi, na hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

"Papa, nani aling'oa miti?"

"Ni miye."

"Juu ya nini?"

"Maman Olive, uko mwizi?"

Sijaulizwa swali hilo tangu utotoni.

"Nilikupatia bwasa. Bwasa! Ata mutoto mudogo wa hapa anajua: mu bwasa unapanda maharage, unavuna, unaenda. Muti haupande. Mutu mwenye anapanda muti mu bwasa, anasema huyu muzee atakufa sasa hivi, nitabakia na udongo yake."

"Lakini ni kivuli tu, Papa. Ni ya recherche, utafiti."

"Na ulipanda nini? Muvumu! Kama ingekuwa mugomba, ningesema alijisahau. Muvumu njo muti ya kufungulia nyumba. Ulingoja niende ku kilio, ukafungua nyumba ndani ya udongo yangu." Akainamia fimbo yake. "Miaka yote hii nilikuwa nakucheka, lakini nilikuwa nakuamini. Bwasa imekufa. Chukua masikio yako."

Ukweli ni kwamba katazo lile nilikuwa nalijua. Mimi ni Mushi, baba yangu alikuwa Mushi, nimelisikia tangu nikiwa mgongoni. Lakini kichwani mwangu lilikuwa katazo la migomba na kahawa, la watu wanaotaka mashamba. Mimi ni mtu wa sayansi. Niliona mti wangu hausemi kitu zaidi ya kivuli chake. Kumbe kwenye kilima kile mti unasema, na wangu ulikuwa umemtukana mzee kuanzia kwenye mizizi.

Aloys alitubebea sanduku la mashine mpaka barabarani. Nilimwambia kwa ukali kwamba sasa amefurahi. Alilaza sanduku chini polepole na kusema: "Hapana, Maman. Sikufurahi." Sikumwamini.

20 Oktoba

Nimeunguza sombe, majani ya muhogo. Constantin amekula yote na kuisifu. Nimelia kidogo jikoni.

26 Oktoba, Jumamosi

Soko la Nyawera. Nilikuwa nachagua nyanya niliposikia mtu akiniita Maman Chura. Alikuwa Maman Domitille, mke wa Papa Zagabe, ameshuka na kabeji zake. Nilitaka kujificha nyuma ya mafungu ya mkaa, lakini mwili wangu haufichiki.

"Kuya hapa," akasema. "Unanikimbia? Miye sikung'oa kitu."

Nikaenda. Nikamwomba msamaha mbele ya wauza kabeji wote, nao wakaacha kuuza ili wasikie vizuri.

"Unajua ile siku muzee hakukula?" akasema. "Alikaa tu. Alisema: bibi ya chura ananingojea nikufe. Yeye! Siku mikutano yako inakuwa ku radio, anaita batu bote bakuye kusikiliza. Anasema, ule ni wangu, anafanyaka kazi kwangu."

Hilo liliniumiza kuliko fimbo.

"Nifanye nini, Maman?"

"Kama mutu anataka kupanda muti, anaomba kalinzi. Njo vile tu. Ulete mbuzi, ulete bwana yako, uombe mbele ya bazee. Siyo kuomba na kichwa wima. Unainama."

Kalinzi ni ardhi unayopewa moja kwa moja, wewe na kizazi chako, kwa mnyama na mbele ya mashahidi. Watu wa kilimani huomba kalinzi. Watu wa ofisini huomba ruhusa. Sijui kwa nini wazo hilo halikuwahi kunijia. Niliondoka na kabeji ambazo sikuzihitaji.

2 Novemba, Jumamosi

Asubuhi misa ya marehemu, mchana Kabare. Constantin alivaa koti la harusi za watu. Mbuzi alitapika ndani ya gari.

Niliinama. Sikupanga maneno, yalikuja yenyewe: nikasema nilipanda mti wa kukaa kwenye ardhi ya kupita, na kwamba sikuwa nangoja kifo cha mtu yeyote, nilikuwa naogopa kifo cha chura. Wazee waliokuwepo wakacheka. Papa Zagabe hakucheka, lakini mikunjo ya uso wake ililegea.

"Kalinzi ni ya mutu mwenye atakaa," akasema. "Weye unakaa Nyalukemba. Nani atakaa kule?"

"Vyura, Papa."

"Na nani atarithi?"

Mimi na Constantin hatukujaliwa mtoto. Kila mtu pale alijua, naye aliuliza kwa sababu desturi inamlazimu kuuliza, si kwa ubaya. Constantin alinishika kiwiko. Nimekwenda mikutano ya mabara yote nikizungumzia vizazi vijavyo, na hakuna aliyewahi kuniuliza vya kwangu viko wapi.

Papa Zagabe aliliacha swali lipite.

"Basi mukaaji ajisemee," akasema. "Samedi moja mbele ya Noeli, tarehe quatorze, kumi na nne, tutakuya na bazee, tutakaa kando ya mayi. Kama mukaaji anasema yeye mwenyewe kama anakaa pale, tutakula mbuzi. Kama hasemi, Aloys anaanza matofari, na mbuzi inabakia kwako. Mupaka ile siku, masikio yako irudi."

Nilitoka pale nusura niruke. Nimepewa kesi, na shahidi wangu hajasema neno kwa mvua tatu.

3 Novemba

Mbuzi tumerudi naye, anakaa uani kwetu. Amekula karatasi za Gloria ya Noeli, sauti zote nne.

9 Novemba

Kimya. Constantin ameandika Gloria upya na kumfunga mbuzi karibu na choo.

16 Novemba

Kimya. Merveille anasikiliza sauti zilizonaswa mpaka ananiambia anasikia vijiko hata kanisani.

23 Novemba, Jumamosi

Ugomvi. Aloys amechimba shimo la majaribio kwenye kona ya juu, pale chemchemi inapotokea, ili aujaribu udongo. Ni nje ya mpaka wangu, hajavunja sheria yoyote, na kwa sababu hiyo nikakasirika maradufu. Nikamfuata na mwavuli kama upanga.

"Kwa nini hungoji?"

"Najaribu tu udongo, Maman. Sijaguse upande yako."

"Kule Shabunda hukushiba mashimo?"

Aliegemea beleshi. Nilidhani atanijibu vibaya, na nilikuwa nimejiandaa.

"Nilishiba," akasema. "Kule, mutu anaingia mu shimo asubuhi, hajui kama atatoka. Njo maana nilirudia. Matofari siyo mali, Maman. Nataka tu kufanya kazi hapa, fasi mama yangu anaweza kuniita nikule."

Na kweli, dakika ile ile Maman Domitille alimwita kutoka juu kwa sauti inayofika Rwanda, kwamba bugali inapoa. Sote wawili tukacheka bila kutaka. Aliporudi alitusukumia pikipiki ya Merveille iliyokuwa imezama matopeni mpaka kiti. Sasa nina tatizo jipya: yule kijana nampenda, na mmoja wetu lazima akose.

30 Novemba

Mvua usiku kucha. Kimya.

7 Desemba, Jumamosi

Mvua tena, siku ya nne mfululizo. Mtaro wa mtaa wetu umefurika, majirani wote tulikuwa nje na majembe, tumeoga matope, na mama mmoja akaleta chai ya tangawizi kwa kila mtu. Shimo la Aloys limejaa maji mpaka ukingoni, kazi yake imesimama. Nimefurahi, kisha nikaona haya, kisha nikafurahi tena.

Masikio: kimya.

13 Desemba

Kesho. Constantin ananiuliza kama nimeombea. Nimemwambia nimewasumbua watakatifu wote, hata wale wa vitu vilivyopotea.

14 Desemba, Jumamosi

Naandika huku mkono una harufu ya mbuzi wa kuchoma, kwa hiyo aliyeanza na mwisho ameshajua. Lakini nataka kuandika yote.

Tulikaa kando ya dimbwi tangu saa kumi, juu ya viti vya plastiki vinavyozama. Papa Zagabe, wazee watatu wa kilima, Maman Domitille na bakuli lake, Constantin na koti lake, Merveille na sweta zake, na mbuzi, ambaye alikuwa mtulivu kuliko wote. Mvua ilikuwa imekata, mawingu yamekaa chini. Jua lilipoanza kuondoka, kinamasi kikaanza kuimba. Kwanza wale wakubwa wa sauti nzito.

"Ni ule mukaaji?" akauliza Papa Zagabe.

"Hapana, Papa. Ule ni jirani."

Wakafuata wale wa filimbi.

"Ni ule?"

"Ule ni mupita njia."

Mzee mmoja akasema kinamasi hiki kina majirani wengi na mwenyeji hayupo. Wakacheka, wakanywa. Nami nikacheka, lakini macho yangu yalikuwa kwa Merveille. Alifumba macho na kutikisa kichwa: hayupo. Mwanga ukazidi kupungua, kasiksi nayo. Aloys aliondoka kwenda kutazama shimo lake. Nadhani hakutaka kunitazama mimi. Papa Zagabe alijikohoza, akashika fimbo, akaanza kuinuka kwa uzito wa mtu anayekwenda kusema jambo lisilompendeza. Nikasema moyoni, basi, Olive, umepanda mlima, mlima umekwisha.

Aloys akarudi mbio, miguu imejaa udongo.

"Papa. Kuko kitu inalia mu shimo yangu."

"Inalia aje?"

Aloys alichukua kikombe mkononi mwa mzee mmoja, akatoa ufunguo wa pikipiki mfukoni, na akakigonga. Mara moja. Akangoja. Mara ya pili.

Merveille alipiga ukelele na kukimbia. Mimi sikimbii tena, magoti yamekataa, lakini leo sijui nilifikaje. Shimo lilikuwa limejaa maji safi ya chemchemi, baridi. Niliingiza mkono nikayajua kabla ya kipimajoto kunijulisha. Na pembeni, chini ya majani yaliyoinama, mtu alikuwa anagonga kikombe kwa kijiko. Halafu mwingine akamjibu kutoka ng'ambo. Halafu wa tatu.

Nimelia kwa sauti, mbele ya wazee, bila hata leso. Msimu mzima masikio yangu yalikuwa yakisikiliza pale alipokuwa zamani, naye alikuwa karibu vile, kwenye kona isiyokuwa yangu. Iwapo alikuja kwa ajili ya shimo, au alikuwepo chemchemini siku zote kwa sauti ndogo, sijui bado. Hiyo ni kazi ya mwaka ujao na nitaifanya kwa furaha.

Papa Zagabe alisimama ukingoni muda mrefu, kichwa amekiinamisha upande.

"Sauti kidogo hivi?"

"Njo hii, Papa."

"Na ni juu ya hii ulipanda mulima miaka yote?"

"Ni juu ya hii."

"Eeh," akasema, na nikaona anajizuia kutabasamu. "Inagonga muzuri." Kisha akamgeukia mwanawe. "Shimo ni ya nani?"

Aloys alitazama maji. Ilikuwa kazi yake ya wiki kadhaa na matofali yote aliyoyahesabia mbele.

"Ilikuwa yangu," akasema.

Nilimwuliza baadaye, tukiwa kando ya moto, kwa nini hakunyamaza tu. Asingejua mtu, baba yake alikuwa ameshainuka. Akasema: "Ningefunika ile shimo, Maman, ningesikia ile kikombe kila siku mu kichwa." Papa yake alikuwa anasikiliza. Akamwambia kuna udongo mwingine kule chini kwenye shamba la barabarani, mwekundu, na lori linafika mpaka mlangoni. Alikuwa akiliweka lile shamba bila sababu. Maman Domitille akasema hata kule sauti yake inafika.

Lakini kwanza kulikuwa na lile swali. Desturi haiachi kitu. Tukiwa bado pale ukingoni, mzee mmoja akakumbusha: "Na nani atarithi?"

Niligeuka kumtafuta Constantin na nikamwona Merveille. Alikuwa amepiga magoti kwenye matope, na kwenye kidole chake, kile kidole kisichogusa, alikuwa amekaa chura wa kijani mdogo kuliko ukucha. Chura alikuwa amempandia mwenyewe. Msichana alikuwa ameacha hata kupumua.

"Huyu," nikasema.

"Binti?" mzee akauliza. "Wa Luvungi?"

"Mukaaji mwenyewe alienda ku mukono yake," akasema Papa Zagabe. "Miye niseme nini tena? Muchinje mbuzi."

15 Desemba

Nimelala mpaka misa ya pili. Constantin ameimba Aleluya akinitazama mimi badala ya altare. Katekista ameona.

24 Desemba, Jumanne

Nilidhani leo ningekwenda Kabare kupeleka tu mkate wa Noeli. Maman Domitille alinivuta nyuma ya jiko. Kwenye beseni kuukuu, ndani ya udongo mweusi na chini ya kivuli cha mgomba, ilisimama mivumu yangu. Ile ile iliyong'olewa. Alikuwa ameiokota siku ile ile, akaimwagilia maji ya kuoshea vyombo msimu mzima, na kila mmoja umetoa majani mapya.

"Muzee anajua?" nikamwuliza.

"Anapitaka hapa kila siku. Anasema haone kitu."

Tuliteremka wote mpaka kwenye maji, Aloys amebeba beseni kichwani. Kalinzi ni lazima ifungwe kwa mti. Wazee wakipita wauone, wajue pale pana mtu. Papa Zagabe alichagua muvumu wa kwanza mwenyewe, akautikisa mizizi, akanipa.

"Ile siku ulipanda kama mutu ya kupita," akasema. "Leo panda kama mutu ya hapa."

Nikapanda. Merveille akapanda wa pili, bila sweta. Constantin akapanda wa tatu na kuukalia karibu auvunje. Nilipowaza kwamba miti hii itatoa kivuli wakati mimi sipo, sikuhuzunika hata kidogo. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi hivyo mbele ya watu.

Mwenye kalinzi hukumbuka aliyempa. Nilimwuliza Papa Zagabe anataka nimletee nini kila mwaka. Alifikiri, akasema anataka sauti ya kwanza ya chura, kila mvua, imfikie yeye kabla ya watu wa mikutano na wazungu wao. Nimemwahidi.

Septemba ijayo sitapeleka kasiksi ya kuomba. Nitapeleka ya kunywa tu, nikae naye kando ya maji mpaka mwenyeji agonge kikombe, na Papa Zagabe ataionja na kusema, kama kawaida yake, kwamba ya mwaka huu ilikuwa tamu zaidi.